Katoka wapi, na alikuwa akisema na nani?

Chukua kipande cha karatasi nyepesi, ukishike mbele ya midomo yako. Sema "kaa", ukikusudia kaa la moto. Sasa sema "kaa" tena, safari hii ukikusudia yule wa baharini mwenye magando. Ikiwa umelelewa Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu, karatasi itatulia mara ya kwanza na kupeperuka mara ya pili. Ikiwa umelelewa Dodoma au Nakuru, haitatofautisha, na pengine hujapata kujua kwamba kuna watu wanaosikia hapo maneno mawili.

Kazi yangu ni lahaja za Kiswahili, na jaribio hili ndilo ninaloanza nalo kila nipatapo wanafunzi wapya. Wengi hushangaa. Maelezo yake ni mazuri kuliko jaribio lenyewe. Kaa wa baharini yumo katika ngeli moja na mbuzi na ndege, ngeli ambayo majina yake yalianza na sauti ya puani. Mbele ya b, d na g sauti hiyo ipo hadi leo: mbuzi, ndege, ngoma. Mbele ya p, t na k ilimezwa, ila ilipotoka iliacha pumzi nyuma yake. Pumzi hiyo ndiyo inayopeperusha karatasi, nasi tunaiandika kwa koma ya juu: k'aa. Makaa ya jikoni yamo katika ngeli nyingine, hayakuwa na sauti ya puani, kwa hiyo hayana pumzi. Hali ni hiyo hiyo kwa paa la nyumba na p'aa anayewindwa porini. Mtoto wa Mombasa hafundishwi haya na mtu. Anayapata kwa mamake kabla hajaota meno yote, na mara nyingi huzeeka nayo.

Ndiyo maana mtu akiniuliza vipi nitamjua mwenziwe katoka wapi, humwambia asianze na msamiati. Neno ni jepesi kubadilishwa. Nenda sokoni ukanunue viazi vya mviringo: Unguja utaambiwa mbatata, neno lililoachwa na Wareno, Nairobi utaambiwa waru, kutoka Kikuyu, Mombasa viazi tu vyatosha. Lakini Mzanzibari akikaa Nairobi miezi sita atasema waru bila shida, kwa sababu anataka kula. Matamshi ndiyo huchelewa kuhama.

Panda na pwani kutoka Unguja kuelekea kaskazini uone. Unguja watu wana macho, wanacheka, wanapika mchele, wanapita njia. Ufikapo Mombasa macho yamekuwa mato, kucheka ni kuteka, mchele ni mtele, na njia ni ndia. Ukifika Lamu, jana imekuwa yana, moja imekuwa moya, na maji ya kunywa ni mai. Mabadiliko haya hayaji ovyo. Mahali ambapo mtu wa Unguja ana ch, mara nyingi wa kaskazini ana t, kwa utaratibu unaoweza kuufuata neno baada ya neno. Yaani aliye na mato hajakosea macho. Kila mmoja amerithi sauti ya zamani kwa njia yake, na mara nyingine aliyeko kaskazini ndiye aliyehifadhi kilichopotea kusini.

Hili linanigusa. Mimi ni wa Mombasa, na shuleni niliwahi kuandika "mtele" katika insha. Mwalimu alilizungushia wino mwekundu, akalisoma mbele ya darasa, wenzangu wakateka. Sikuelewa nilichokosea, kwani nyanyangu alisema hivyo na nyanyangu alikuwa akijua Kiswahili. Baadaye sana ndipo nilipojifunza kwamba mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika humo humo Mombasa, Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lahaja ya Mombasa na ya mshairi wake Muyaka bin Haji, kikabaki nje ya mlango. Sina ugomvi na usanifu. Lugha ya vitabu na ya serikali inahitaji umbo moja. Ila mtoto hapaswi kuambiwa kwamba bibi yake hajui kusema.

Bara kanuni ni nyingine. Huko watu wengi wana lugha ya kwanza iliyokuwepo kabla ya Kiswahili, na lugha hiyo ndiyo inayochungulia. Kikuyu kina r lakini hakina l, basi kalamu yaweza kuwa karamu. Kisukuma kina l lakini hakina r, basi karibu huwa kalibu. Kijaluo hakina sh, na shamba likawa samba. Sikio hutega pale ambapo lugha ya kwanza haina nafasi ya sauti fulani. Kuna jambo ambalo wasikilizaji wengi hawaligundui: mtu aliyechekwa mara nyingi huanza kujirekebisha kupita kiasi. Aliyezoea kusema "rara" ataogopa r zote, mwishowe aseme "balabala". Ukisikia l na r zimechanganyika pande zote mbili, usikimbilie kutaja kabila. Huenda unachosikia ni woga tu.

Kongo nitaipitia haraka ingawa inastahili makala yake. Ukisikia mutu, batu na bintu, na mtu yuko "mu nyumba" badala ya nyumbani, unamsikia mtu wa mashariki au kusini mwa nchi ile, ambako Kiswahili kilichofika na misafara ya biashara ya karne ya 19 kilikutana na lugha zinazopenda ba- na mu-, kikakua nazo.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Tangu miaka ya 1990, Sweden ikiwa miongoni mwa waliotangulia, idara za uhamiaji za Ulaya zimekuwa zikirekodi sauti za waomba hifadhi na kuwapelekea wachambuzi, waseme mtu huyu katoka kweli anakodai. Wabajuni, Waswahili wa visiwa na pwani ya kusini mwa Somalia na kaskazini mwa Kenya, wamekutana na hili sana. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, watu wa visiwa vya Chula, Chovai na Koyama walikimbia, wengi wakaja Mombasa, wengine wakaendelea hadi Uingereza. Swali wanaloulizwa huko ni hili: wewe ni Mbajuni wa Somalia, au wa Kenya?

Lugha inalijibu kwa shida, kwa sababu haikuwa na habari ya mpaka. Wabajuni wako Faza na Kizingitini upande wa Kenya, na wako Kismayu na visiwa vyake upande wa pili. Hata huo upande wa pili ulikuwa chini ya Waingereza pamoja na Kenya, hadi walipoukabidhi kwa Italia mwaka 1925. Mwaka 2004 kundi la wanaisimu wa nchi mbalimbali lilitoa miongozo, na la msingi ndani yake ni kwamba lugha huonyesha mtu alikokulia na aliokulia nao. Haionyeshi uraia wake. Ningependa kila afisa ayaone maneno hayo kabla hajawasha kinasa sauti.

Niliwahi kuombwa na wakili mmoja nisikilize rekodi ya namna hiyo. Kijana anahojiwa, na mkalimani anasema Kiswahili sanifu safi, cha redioni. Kijana naye anajibu kwa sanifu, polepole, kama mtu aliyevaa viatu vya mwenziwe. Ripoti iliyokuwa imetangulia ilisema hana dalili za Kibajuni, basi si Mbajuni. Niliirudia mara nne. Aliyeiandika hakujiuliza kijana alikuwa akisema na nani. Mtu wetu yeyote akiulizwa kwa sanifu na mkubwa mwenye faili mezani hujibu kwa sanifu. Ni adabu, na ni hofu. Kimvita changu mwenyewe hukimbia nikisimama mbele ya karani.

Nikaomba arekodiwe upya, safari hii akizungumza kwa simu na shangazi yake aliyeko Mombasa, bila mkalimani. Shangazi akamsalimu, akamuuliza kama amekula, na kama huko kuna samaki. Kijana akacheka. Dakika ya pili akaanza kumsimulia mtu aliyemwona sokoni, na "mtu" huyo akatoka kinywani mwake akiwa "mchu", kama wasemavyo Wabajuni, mara ya kwanza, kisha mara ya pili, kisha kila mara. Nikaandika dakika na sekunde pembeni ya ukurasa, nikaendelea kusikiliza.