Mtihani wa Darasa la Saba: Alama Zinapopotelea, na Majibu ya Darasa Yanavyosomwa

Kila Septemba, wanafunzi wa darasa la saba nchini Tanzania huketi kwenye Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi unaoandaliwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Tangu mwaka 2012 majibu ya kuchagua husahihishwa kwa mashine, kupitia fomu ya OMR, yaani karatasi ambayo mtoto hutia weusi herufi ya jibu ili mashine iisome. Katika muundo ambao shule zimeuzoea, kila somo lina maswali 45: maswali 40 ya kuchagua jibu moja kati ya A hadi E, kila moja alama 1, na maswali 5 ya majibu mafupi, kila moja alama 2. Jumla ni alama 50 kwa somo, na masomo ni sita.

Kuna alama ambazo mtoto huzikosa kwa sababu hajui. Hizo ni halali kuzikosa, maana ndizo mtihani unazozitafuta. Lakini kuna nyingine hupotea ilhali mtoto anajua jibu, na hizo zinauma zaidi kwa sababu zingeweza kuzuiwa kwa mazoezi ya wiki chache.

Mashine haisomi nia ya mtoto. Inachofanya ni kupima weusi wa kila herufi kwenye mstari wa swali na kutafuta ile moja iliyojazwa. Kivuli chepesi, alama ya vema, duara lililozungushiwa herufi, au herufi mbili zilizotiwa weusi kwenye mstari mmoja, vyote vinaweza kumnyima mtoto alama. Ndiyo maana maelekezo yanataka penseli ya HB kwa swali la 1 hadi 40, na kalamu ya wino wa bluu au mweusi kwa swali la 41 hadi 45. Mtoto anayejibu swali la 12 kwa kalamu hana tena njia ya kubadili mawazo. Penseli iliyochongwa ikawa kali kama sindano huchana karatasi na kuacha mistari badala ya kivuli, kwa hiyo ncha isuguliwe kidogo kwenye karatasi chakavu kabla ya kuanza. Awe na penseli mbili. Ufutio nao uwe safi, usuguliwe kwanza pembeni hadi usiache weusi. Kufuta kwa kidole chenye mate, jambo ambalo watoto wengi hulifanya wakiwa na wasiwasi, hutoboa fomu au kusambaza weusi hadi kwenye herufi ya jirani.

Kosa lenye hasara kubwa kuliko yote ni kupotea mstari. Mtoto analiona swali la 17 gumu, analiruka, kisha jibu la swali la 18 analitia kwenye mstari wa 17. Kuanzia hapo majibu 23 yamehama. Akija kugundua dakika za mwisho, hana nafasi ya kufuta yote na kukumbuka alichokuwa amejibu. Kinga ni mazoea mawili. La kwanza, azungushie herufi ya jibu kwenye karatasi ya maswali kabla ya kuihamishia kwenye fomu, ili hata fomu ikiharibika kumbukumbu ibaki. La pili, kila amalizapo ukurasa wa maswali, asimame na kulinganisha namba ya swali la mwisho na namba ya mstari wa mwisho wenye kivuli. Tunashauri kuweka vivuli ukurasa kwa ukurasa. Anayengoja amalize maswali yote 40 ndipo aanze kujaza fomu anajiweka kwenye hatari ya kukosa muda.

Tukumbuke kwamba katika upimaji wa darasa la nne watoto hujibu kwenye nafasi zilizo ndani ya karatasi yenyewe ya maswali. Mtoto anaweza kufika darasa la saba hajawahi kuhamisha jibu hata moja. Mwalimu asingoje mtihani wa utamilifu, ule wa majaribio kabla ya mtihani wenyewe. Achore fomu yake kwenye karatasi moja: safu nne za mistari kumi kumi, kila mstari una A B C D E, na juu pawe na nafasi ya namba ya mtahiniwa. Jaribio la maswali 20 kila wiki tangu darasa la sita linatosha kumzoesha mtoto. Kusahihisha kunarahisishwa na kadi ngumu iliyotobolewa mahali pa majibu sahihi: unaiweka juu ya fomu na kuhesabu weusi. Ila kabla ya kuweka kadi, ipitie fomu kwa macho, kwa sababu kadi inaficha mistari yenye vivuli viwili na utampa mtoto alama ambayo mashine haitampa.

Baada ya jaribio, shule nyingi huandika alama, hupanga nafasi ya kwanza hadi ya mwisho, basi. Hapo ndipo faida kubwa ya mtihani inapoachwa mezani. Alama ya jumla haimwambii mwalimu kesho afundishe nini. Majibu yasiyo sahihi ndiyo yanayomwambia.

Chukua swali hili: 2/3 + 1/4 = ? A. 3/7, B. 3/12, C. 11/12, D. 2/12, E. 9/12. Tuseme darasa lina wanafunzi 50 na vivuli vimegawanyika hivi: A 21, B 6, C 14, D 2, E 7. Waliopata ni 14, yaani asilimia 28. Katika taarifa za uchambuzi wa majibu za Baraza, kiwango cha asilimia 0 hadi 39 huitwa hafifu, 40 hadi 59 wastani, na 60 hadi 100 kizuri. Lakini neno hafifu peke yake halitibu kitu. Tazama wale 21 wa A: wamejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili. Wanaobahatisha hutawanyika kwenye herufi zote; wakirundikana mahali pamoja namna hii, wana kanuni kichwani, na kanuni hiyo ni potofu. Hawa warudishwe kwenye maana ya sehemu, kwa vipande vya karatasi vilivyokunjwa kuwa sehemu tatu na sehemu nne zilizo sawa. Wale 6 wa B wanajua kwamba asili ya pamoja ni 12, ila hawakubadili viasi. Wa E walibadili 2/3 kuwa 8/12 wakasahau kubadili kiasi cha 1/4. Hao 13 hawahitaji kuanza upya, wanahitaji mazoezi ya hatua moja tu. Wawili wa D wamezidisha. Ukilirudia somo zima kwa darasa zima, umewachosha wengi na hujawagusa wale 21 mahali penye shida.

Zoezi hili linaanza kabla ya jaribio, wakati wa kutunga. Majibu yasiyo sahihi yatokane na makosa ambayo wanafunzi huyafanya kweli kwenye madaftari. Namba za kubuni ovyo hazifundishi lolote.

Swali lenyewe nalo hukaguliwa. Panga fomu kwa alama ya jumla, chukua 13 za juu na 13 za chini, kisha hesabu waliopata swali hilo kila upande. Wakiwa 10 juu na 3 chini, swali linatenganisha vizuri. Wakiwa 4 juu na 7 chini, usiwalaumu watoto kwanza. Kagua mwongozo wa majibu. Mara nyingi herufi imekosewa, au majibu mawili yote ni sahihi, au mchoro umefifia kwenye fotokopi. Mitihani ya ujirani mwema, ile ya pamoja kati ya shule jirani, inayotungwa kwa haraka ina kasoro nyingine ya kawaida: jibu sahihi huwa refu kuliko mengine, na watoto hujifunza kuchagua urefu.

Kwa mzazi, daraja C katika somo ni alama 21 hadi 30 kati ya 50. Watoto wawili wenye C wanaweza kutofautiana kwa alama tisa. Na anayebahatisha maswali yote 40 hutarajiwa kupata kama 8 kwa bahati tupu, hivyo alama 9 au 10 zisichukuliwe kuwa dalili ya kujua kidogo. Wala nafasi ya shule kimkoa haikuonyeshi mwanao anakwama wapi. Baraza lilipoacha, Januari 2023, kutangaza shule na wanafunzi bora kitaifa, tuliona ni hatua njema. Ukienda shuleni, omba kuona karatasi ya jaribio pamoja na alama, na muulize mwalimu makosa yanajirudia kwenye mada ipi.

Mtoto mwenye uoni hafifu au asiyeona ana haki ya muda wa ziada: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mwenye uoni hafifu huandaliwa karatasi zenye maandishi makubwa, na asiyeona huandaliwa za nukta nundu. Karatasi hizo huandaliwa kwa kufuata taarifa za usajili, kwa hiyo mzazi amweleze mwalimu mkuu hali ya mtoto usajili wa darasa la saba unapoanza, na ahakikishe imeandikwa. Siku ya mtihani, msimamizi hawezi kuchapa karatasi ambayo haikuagizwa.