Kwa Nini Mashine ya Kuoshea Vyombo Hujaa Maji Hata Ikiwa Imezimwa?

Umeme umekatika usiku, mashine imelala kimya bila taa hata moja. Asubuhi unafungua mlango wake unakuta maji yamefika rafu ya chini, na mengine yameshachuruzika sakafuni. Wa kwanza kulaumiwa huwa bodi, yaani saketi ya umeme inayoendesha mashine. Lakini bodi isiyo na umeme haifungui chochote. Mara nyingi yaliyoingia yamepita kwenye valvu ya maji, yaani mlango mdogo unaoyaruhusu au kuyazuia kuingia, na kwa nyumba za Dar es Salaam chanzo chake kinaweza kuwa kitu ambacho mtu hakitarajii: presha ya maji kuwa ndogo mno.

Je, wajua kwamba valvu hiyo hufungwa na maji yenyewe?

Ndani yake kuna kiwambo cha mpira, upana wake unakaribia kifuniko cha chupa ya soda, kinachozuia maji ya bomba. Kina matundu mawili: moja katikati, na jingine pembeni, dogo kama tundu la sindano. Tundu la katikati limezibwa na kipini cha chuma kinachokandamizwa na springi. Mashine ikitaka maji, umeme wa volti 230 hupita kwenye koili (waya uliozungushwa), sumaku ikanyanyua kipini, maji yaliyokuwa juu ya kiwambo yakatoroka kupitia katikati, na presha ya bomba ikakiinua kiwambo. Umeme ukikatwa kipini hurudi mahali pake. Hapo tundu la pembeni ndilo hufanya kazi: maji hupenya polepole, hujaa juu ya kiwambo, na kwa kuwa eneo linalobanwa juu ni kubwa kuliko la chini, kiwambo husukumwa na kuketi kwenye kiti chake. Springi ina nguvu ya kurudisha kipini tu. Anayefunga mlango ni presha ya bomba.

Kwa hiyo presha ikiwa haba, kiwambo hakikai sawasawa na maji yanavuja tone kwa tone. Watengenezaji wengi huandika kwenye kitabu cha mashine kuwa presha iwe kati ya baa (kipimo cha presha) 0.3 au 0.5 na baa 10. Wengine huandika MPa (megapaskali) 0.05 hadi 1, ambayo ni baa 0.5 hadi 10. Sasa piga hesabu ya tenki lako. Kila mita moja ya kimo hutoa takriban baa 0.1. Tenki lililo juu ya mnara, usawa wa maji ukiwa mita 4 juu ya mashine, linatoa baa 0.4. Likibakiza maji kidogo, punguza zaidi. Nyumba zenye pampu ya presha hazioni tatizo mchana. Umeme ukikatika pampu inalala, maji yanateremka kwa uzito wake tu, na valvu inaanza kudondosha.

Kipimo rahisi ni ndoo. Funga koki ya mashine, fungua mpira wake, weka ndoo ya lita 10 chini ya koki na ufungue hadi mwisho huku pampu imezimwa. Ikichukua zaidi ya dakika moja kujaa, mtiririko wako ni hafifu kwa mashine nyingi za Ulaya.

Adui wa pili wa kiwambo ni uchafu. Maji ya Dawasa, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yanayotoka Mto Ruvu yakirudi baada ya mgao au matengenezo ya bomba huja na tope na mchanga, na tenki lisilooshwa hukusanya mashapo chini. Punje moja ikikaa kati ya kiwambo na kiti chake, valvu haifungi kabisa. Ikiziba tundu la pembeni ni hivyo hivyo, kwa kuwa maji hayapandi tena juu ya kiwambo. Maji ya kisima huongeza chokaa. (Hapa wengi hujidanganya: maji ya kisima yana chumvi, basi hakuna haja ya kutia chumvi ya mashine. Haja ipo. Kinachofanya maji yawe magumu ni kalisi na magnesi, na chumvi ya mashine kazi yake ni kusafisha kichujio cha ndani kinachonasa vitu hivyo viwili.)

Kabla ya kununua kifaa chochote, fanya jaribio hili. Linatenganisha makosa karibu yote. Chomoa mashine kwenye soketi, chota maji yaliyomo kwa kikombe, kausha kwa sifongo, kisha weka alama ya kalamu au tepu kwenye ukuta wa ndani. Acha koki wazi, usitumie sinki, na subiri saa moja. Maji yakipanda, valvu haifungi. Yasipopanda, funga koki, mwaga ndoo ya maji kwenye sinki na uangalie tena ndani ya mashine. Yakipanda sasa, yanarudi kupitia mpira wa maji machafu. Kama yote mawili hayakuleta maji, kosa ni la kipimo cha maji (kifaa kinachoijulisha mashine kuwa imejaa) au bodi, na litaonekana tu mashine ikiwa na umeme.

Kosa la mpira wa maji machafu ni la bei nafuu kuliko yote. Mafundi wengi huuacha ulale sakafuni kisha huuingiza kwenye bomba la sinki. Ufunge juu, karibu na uvungu wa kaunta, ndipo uteremke kwenye bomba. Kimo cha kawaida ni sentimita 40 hadi 100 kutoka sakafuni, lakini fuata kitabu cha mashine yako. Ukiwa chini, sinki likiziba maji yake yenye mafuta yanaingia kwenye vyombo safi. Wakati mwingine hutokea kinyume: mashine inajaza huku maji yanavutwa nje yenyewe, hivyo haikomi kujaza.

Kipimo cha maji kiko cha aina tatu. Mashine nyingi za Kimarekani zina boya, kitu kama uyoga wa plastiki pembeni ya sakafu ya ndani. Linyanyue kwa vidole na uliachie: lipande na kushuka bila kukwama, na chini yake usikike mlio wa swichi, "tik". Mfupa wa samaki au punje za wali zilizonasa kando ya boya zinatosha kulikwamisha, na likikwama chini mashine inaamini haijajaa. Nyingine hutumia swichi ya presha ya hewa: kijimpira chembamba hutoka kwenye chungu kidogo kilicho chini ya mashine hadi kwenye swichi. Mafuta yakiganda kwenye chungu hicho, hewa haibanwi. Chomoa kijimpira, puliza taratibu kwa mdomo upande wa swichi usikie mlio, kisha safisha chungu kwa maji ya moto na sabuni. Za kisasa zaidi huhesabu lita kwa kigurudumu kidogo chenye sumaku. Kikikwama kwa mchanga, hesabu inaharibika.

Kwa kulinganisha, mashine haijazi kama beseni. Kila hatua huvuta takriban lita 3 hadi 4, na mzunguko mzima lita 9 hadi 14. Maji kidogo yanayobaki kwenye shimo la kichujio baada ya kuosha ni ya kawaida, hulinda mpira wa pampu usikauke. Na povu si maji: ukitia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono badala ya ile ya mashine, povu hupita pembeni ya mlango na utaapa kuwa imefurika. Sitisha, lichote, nyunyiza chumvi ya jikoni, kisha zungusha kwa maji matupu.

Mashine za Bosch zikionyesha E15, na pampu ya kutolea maji ikaunguruma bila kukoma, pampu haijafa. Kuna maji kwenye sinia iliyo chini ya mashine, na boya lililomo humo limeamuru yatolewe. Kuinamisha mashine ili maji yatoke hufuta alama hiyo, lakini tafuta yalikotoka. Kwa LG alama ya maji kuzidi ni FE.

Ikiwa jaribio limetaja valvu, anza na wavu mdogo kwenye mdomo wake. Utoe kwa koleo, uusugue. Kuloweka valvu kwenye siki kunaweza kuyeyusha chokaa, na kuigonga kwa mpini wa bisibisi hufanya kiwambo kikae kwa siku chache, lakini hayo si matengenezo. Ibadilishe. Kariakoo zipo zinazofanana kwa macho, hivyo nenda na ile ya zamani mkononi: linganisha idadi ya koili, volti (220 hadi 240), na mdomo wa robo tatu ya inchi. Koili isiyoharibika ikipimwa kwa multimita (kifaa cha fundi cha kupimia umeme) mara nyingi husoma kilo-omu 3 hadi 5. Lakini koili isiyoharibika haithibitishi kwamba kiwambo kinafunga. Kama mpira wa maji safi una kisanduku kinene upande wa koki, mara nyingi valvu iko humo na umeme unapita ndani ya mpira. Usiukate kuufupisha.

Chomoa umeme, funga koki, tandika taulo, piga picha ya nyaya kabla ya kuzigusa. Funga valvu mpya, kaza nati kwa mkono kisha robo mzunguko kwa spana, ukihakikisha washa (pete) ya mpira ipo. Kabla ya koki weka kichujio cha mashapo cha mikroni 50 au 100. Fungua maji na uzungushe karatasi ya tishu kwenye kila kiungo. Ikibaki kavu kwa dakika 10, rudia jaribio la alama, safari hii usiku kucha na pampu ya presha ikiwa imezimwa.