Tusomeane kwa Sauti, Tusifundishane

Watu wengi wanaofika kliniki ya afya ya akili hawaanzi kwa kusema wana upweke. Wanasema usingizi hauji, kichwa kinagonga, mwili hauna nguvu, na vipimo vyote vimetoka safi. Ukiwauliza ni lini mara ya mwisho walikaa na mtu wakazungumza jambo lisilohusu ada, kodi ya nyumba au mgonjwa, ndipo wanaponyamaza. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya Juni 2025 inakadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na inauhusisha upweke na vifo takriban 871,000 kila mwaka. Wanaodhani ni tatizo la wazee wajue kwamba vijana wamo, tena kwa wingi.

Ushauri tunaoutoa kwa haraka ni "jichanganye na watu". Hausaidii sana. Mtu aliyezoea kujifungia akipelekwa kwenye mkusanyiko anahitaji kitu cha kufanya na wenzake, la sivyo atakaa pembeni akichezea simu mpaka apate sababu ya kuaga. Njia moja ninayoipenda ni kusoma hadithi na mashairi kwa sauti, pamoja, polepole.

Waliolifanya jambo hili kwa utaratibu na kwa muda mrefu ni watu wa Liverpool, Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Jane Davis, aliyekuwa akifundisha fasihi chuo kikuu, alianzisha kikundi huko Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool. Kutokana na juhudi hizo lilikua shirika la hisani liitwalo The Reader, ambalo leo makao yake ni jumba la zamani lililomo ndani ya bustani ya Calderstones. Vikundi vyake hukutana maktaba, hospitalini, kwenye nyumba za kulelea wazee na hata magerezani.

Utaratibu wenyewe hauna makuu. Watu wachache hukutana kila wiki kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Kiongozi huja na hadithi na shairi, kila mtu akapewa nakala. Hakuna aliyetakiwa kusoma nyumbani, kwa hiyo hakuna anayeona haya kwamba hakusoma. Kiongozi husoma kwa sauti, hutua, anayetaka husema neno, anayetaka hupokea kusoma. Asiyetaka lolote hunywa chai yake na kusikiliza mpaka mwisho, wala haulizwi.

Kwa nini kwa sauti? Jicho likisoma peke yake huparamia mistari. Sauti huvuta breki, na watu wote hufika kwenye sentensi ileile kwa wakati mmoja: mwenye shahada, aliyeishia darasa la nne na aliyesahau miwani nyumbani. Tena macho yote yako kwenye karatasi. Mwenye haya hupata pa kuyaficha yake, na ukimya haumtishi mtu kwa sababu kila mmoja anaonekana ana shughuli.

Tuseme kikundi kinasoma hadithi ya mama ambaye binti yake ameolewa mbali. Jioni mama anafungua sanduku, anazitoa nguo alizoziacha binti, anazikunja upya, anazirudisha. Msomaji anatua hapo. Mzee mmoja anauliza, "Mbona zilikuwa zimeshakunjwa?" Mama mmoja anamjibu, "Anazikunja ili azishike, baba." Kisha kijana ambaye wiki zote hizo hajatia neno anasema, "Kwangu viatu vyake bado viko uvunguni." Hasemi ni vya nani, na hakuna anayemdadisi. Kiongozi anairudia ile sentensi ya nguo, na kusoma kunaendelea.

Kijana yule ningeweza kumhoji ofisini nusu saa nzima nisilipate neno hilo. Hakuulizwa anajisikiaje. Sanduku la mama wa hadithini ndilo lililomfungulia mlango, na kwa kuwa lilikuwa sanduku la mtu mwingine, aliweza kuchungulia lake kidogo kisha akafunga.

Hapa ndipo vikundi vingi vinapoharibika, na sisi tuliopita sekondari ndio wa kwanza kuviharibu. Tumefundwa kuichambua kila hadithi: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa ya mwandishi, maudhui na fani, hoja sita. Kwa mtihani wa taifa sina ugomvi nayo. Lakini kiongozi akishauliza "hadithi hii inatufunza nini?", swali limekuwa na jibu sahihi, na waliofeli kidato cha nne wanarudi kuwa waliofeli kidato cha nne. Vivyo hivyo kuwachagulia walevi hadithi ya mlevi aliyejuta. Mtu hunusa mahubiri kabla hujafungua kitabu. Uliza badala yake: "Hapa aliposema hivi, mmesikiaje?" Au usiulize kitu, rudia tu mstari.

Kukaa kikundi huku mmoja akiwasomea wenzake si jambo geni kwetu. Tenzi za pwani zilitungwa zighaniwe, na waliozisikia walikuwa wengi kuliko waliozisoma. Mwaka 1973, katika kampeni ya usafi na kinga ya maradhi iliyoitwa Mtu ni Afya, Watanzania takriban milioni 2 walikusanyika vikundi vikundi kusikiliza redio, kusomewa kijitabu na mwenzao anayejua kusoma, kisha kujadiliana. Yale yalikuwa mafunzo hasa, na vyoo vilichimbwa. Lengo la kikundi cha fasihi ni tofauti, lakini kampeni ile ilionyesha kwamba mwanakijiji wa kawaida, akipewa maandalizi mafupi, anaweza kuongoza kikundi.

Je, inafanya kazi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool walifuatilia vikundi 2 vya watu wenye sonona kwa miezi 12, na makala yao ya mwaka 2012 ilieleza kwamba dalili zilipungua. Vikundi 2 ni vichache, nisimdanganye mtu. Mimi huvutiwa zaidi na walichokiona ndani ya kikao: washiriki walianza kuazimana maneno, mmoja akiunda sentensi yake juu ya sentensi ya mwenzake. Katika utafiti mwingine, wenye maumivu sugu walipokutana kwenye tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra (CBT) walizungumzia maumivu yao. Waliposoma fasihi, walikumbuka utoto, kazi, ndugu, maisha yote ya kabla ya maumivu.

Anayetaka kuanza atafute chumba chenye mlango unaofungwa na saa isiyobadilika kila wiki. Hadithi iwe fupi, imalizike siku hiyohiyo, na isiwe rahisi mno. Watu wazima wakipewa vitabu vya watoto hujihisi wamedharauliwa. Kiongozi aisome mapema nyumbani, kwa sauti, mpaka ulimi uzoee. Watu sita wanatosha. Wakifika kumi na mbili, wenye haya hupotea tena.

Kikundi hakichukui nafasi ya matibabu. Aliye kwenye dawa aendelee nazo na ahudhurie kliniki kama kawaida. Yanayosemwa chumbani yabaki chumbani, isipokuwa jambo moja: mtu akigusia kujiua, hata kwa utani, kiongozi asiligeuze mada ya kikao. Abaki naye wakimaliza, amwulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kwa maana kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Akikubali, asimwache peke yake. Amwite ndugu anayeaminika, na wamsindikize hospitali siku hiyohiyo.