Chumba cha kupanga si nafuu mpaka upike

Kila Agosti, vyuo vya Kampala vikikaribia kufunguliwa, swali la mwanafunzi huwa ni lile lile na huja limebeba jibu lake mgongoni: "Hosteli ya Kikoni wanataka laki tisa kwa muhula. Chumba cha kupanga Nakulabye ni laki mbili na nusu kwa mwezi. Si bora nipange?" Kikoni na Nakulabye ni mitaa iliyo karibu na Chuo Kikuu cha Makerere. Muulizaji ameshaamua. Ameweka laki mbili na nusu kando ya laki tisa, akaona ndogo ni ndogo. Wazazi nao, wa hapa Uganda na wanaotuma watoto kutoka Arusha, Eldoret au Goma, wanarudia hesabu hiyo hiyo. Naomba tuifanye upya, safari hii mpaka mwisho.

Bei nitakazotumia ni za mfano, kwa shilingi za Uganda. Mtaa ukibadilika nazo hubadilika, kwa hiyo weka zako. Cha kufuata ni njia.

Muhula wa Makerere ni wiki 17: 15 za masomo na 2 za mitihani. Hosteli inatoza kwa muhula. Mwenye nyumba anatoza kwa mwezi, na likizo yako haimhusu. Ukienda nyumbani Desemba, kodi ya Januari inakusubiri. Ukiachia chumba ili usilipe likizo, unarudi kutafuta kingine wakati mmoja na wanafunzi wengine wote, unampa broka (dalali) ujira wake tena, na godoro utaliacha kwa nani? Ndiyo maana anayepanga kwa kweli hulipa miezi 12. Laki mbili na nusu mara 12 ni shilingi 3,000,000. Dabo ya hosteli, yaani nafasi yako katika chumba cha watu wawili, kwa mihula miwili ni 1,800,000. Peke yako chumbani, kupanga ni ghali zaidi kwa 1,200,000 kabla hujawasha taa.

Mkiwa wawili, kila mmoja anabeba 1,500,000. Sasa umeokoa laki tatu kwa mwaka, na hapo ndipo wengi hufunga daftari kwa furaha. Bado. Hosteli nyingi huwa zimeweka maji, umeme, taka na askari ndani ya ile laki tisa. Wewe utalipa Yaka (umeme wa kulipia kabla), maji, mchango wa taka na wa mlinzi. Tukadirie 35,000 kwa kichwa kwa mwezi, miezi minane ya masomo: 280,000. Ule uokoaji umebaki 20,000. Hujanunua hata pazia.

Kwa hiyo nafuu ya kupanga haipo kwenye kodi. Ipo jikoni. Hili ndilo halizungumzwi, na ndilo linaloamua kila kitu.

Hosteli nyingi zinakataza koili (jiko dogo la umeme) vyumbani, na kastodiani, msimamizi wa hosteli, hupita kukagua. Mwanafunzi wa hosteli basi anakula nje: rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) asubuhi, sahani ya wali, matoke na maharage baadaye. Weka 10,000 kwa siku kwa mtu asiye na fujo. Siku 119 za muhula mara mihula miwili ni siku 238, yaani 2,380,000 kwa mwaka. Chakula kimeipita hosteli yenyewe. Wawili wanaopika pamoja, wanaonunua posho (unga wa ugali) na maharage kwa kilo na kwenda soko la Kalerwe kuchukua mboga, wanaweza kushuka hadi 6,000 kwa kichwa kwa siku bila kujinyima. Hiyo ni 1,428,000. Tofauti ni shilingi 952,000, na ukiiongeza kwenye zile 20,000 unapata 972,000. Hiyo ndiyo faida halisi ya kupanga, karibu yote imetoka kwenye sufuria.

Namba hii ya 6,000 ndiyo dhaifu kuliko zote katika hesabu yangu, nasema wazi. Kuna watu wanaopika Jumatatu na Jumanne, kuanzia Jumatano wanachoka na kununua chipsi, huku nyanya zao zikioza sakafuni. Hao wanalipa mara mbili. Mtu ambaye hajawahi kupika wiki nzima mfululizo nyumbani kwao asijidanganye kwamba ataanza akiwa na mitihani. Maharage makavu yasiyolowekwa yanachukua saa mbili motoni. Nani atakuwa chumbani saa hizo mbili?

Halafu umbali. Chumba cha bei nzuri mara nyingi kiko mbali, na umbali huo una bei yake. Boda ya 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, siku tano kwa wiki, wiki 17, mihula miwili: 680,000. Toa kwenye 972,000. Umebakiwa na 292,000, na mtungi wa gesi wa kilo 6 pamoja na jiko lake, sufuria, godoro na kufuli vitaimaliza yote mwaka wa kwanza. Kwa hiyo kanuni yangu ni fupi: panga mahali unapofika darasani kwa miguu, mkiwa wawili au zaidi, na mnapika. Ukikosa moja kati ya hayo matatu, nafuu imeondoka. Unaweza bado kupanga kwa sababu nyingine, na zipo sababu njema sana: una mtoto, umeoa au umeolewa, unafanya kazi ya usiku, unasoma shahada ya pili na hutaki makelele ya mwaka wa kwanza. Lakini usiseme ni kwa ajili ya pesa.

Kuhusu umeme nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wanafunzi wengi wanapopoteza pesa bila kujua zinakwenda wapi.

Uniti 15 za kwanza za mwezi kwa mteja wa nyumbani huuzwa kwa shilingi 250 kila moja, kisha bei inapanda zaidi ya maradufu. Watu wanasikia 250 wanafurahi. Bei hiyo ni ya mita, si ya mpangaji. Safu ya vyumba vinane kwenye mita moja ya Yaka inagawana uniti 15, yaani chini ya mbili kwa chumba kwa mwezi mzima. Anayenunua wa kwanza tarehe mosi anapata nafuu yote, wanaofuata wanalipa bei kamili, na ugomvi unaanza hapo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye nyumba liwe hili: chumba hiki kina Yaka yake? Kama jibu ni hapana, swali la pili: kuna mita ndogo ya chumba, na uniti moja mnaiuza shilingi ngapi? Mwenye nyumba anayeuza uniti kwa 1,000 anaweka faida yake juu, na ni haki yako kujua kabla hujalipa.

Mita ndogo pia ipimwe. Zima kila kitu chumbani, soma namba, piga picha. Kama inaendelea kusonga wakati kila kitu kimezimwa, kuna taa ya kibarazani, pampu ya maji au jirani aliyeunganishwa kwako. Kisha washa koili ya wati 1,000 kwa dakika 30. Mita isogee nusu uniti, au pungufu kidogo kama volti iko chini. Ikisogea robo tatu, usihamie mpaka fundi ameangalia. Kipimo hiki ni cha nusu saa, na sijui kwa nini mtu aliye tayari kuzunguka siku mbili akitafuta chumba chenye vigae anaona uvivu kukifanya.

Na hiyo koili yenyewe: wati 1,000 kwa saa moja ni uniti moja. Maharage yale ya saa mbili ni uniti mbili. Pakoleta ya chai (birika la umeme) inakula kama uniti 0.2 kwa jagi moja, hiyo si adui. Adui ni kitu kinachowaka muda mrefu. Pika maharage mara moja kwa wiki kwa gesi au sigiri (jiko la mkaa), gawanya, chemsha upya. Sigiri iwe nje, kamwe isiingizwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha, hata ukisikia baridi: moshi wake usioonekana unaua waliolala. Na usichomeke koili mbili kwenye ekstensheni moja. Koili mbili za wati 1,500 zinavuta zaidi ya ampea 12, na ekstensheni ya bei rahisi haiwezi mzigo huo kwa muda mrefu. Inaanza kwa harufu ya plastiki, kisha soketi inakuwa nyeusi. Ukigusa plagi ukakuta ya moto, chomoa.

Maji kwa ufupi: tazama tangi, gawanya kwa watu. Tangi la lita 5,000 kwa watu 40 wanaotumia lita 60 kila mmoja linakwisha kwa siku mbili. Uliza kama linajazwa kwa pampu, maana umeme ukikatika na maji yatakatika. Siku za ukame utanunua kwa jerikani, na bei hupanda siku hizo hizo.

Chumba cha bondeni kitazame ukutani, usitazame bei. Agosti, wakati wengi wanatafuta, mvua za Septemba hadi Novemba hazijashika. Mstari wa kahawia sentimita kumi au ishirini juu ya sakafu, rangi mpya iliyopakwa chini tu ya ukuta, kizingiti kilichoinuliwa kwa matofali mlangoni: maji huingia hapo. Bwaise inajulikana, lakini mabonde mengine ya Kampala hayana jina kubwa na bado yanajaa.

"Dakika tano mpaka getini" ya broka ipime mwenyewe, kwa miguu, mara mbili: saa mbili asubuhi na saa nne usiku. Usiku angalia wapi taa zinaishia, maduka yapi yako wazi, na geti la chuo la karibu linafungwa saa ngapi, kwa sababu likifungwa dakika tano zinageuka ishirini. Suala la usalama ndilo nisiloweza kulitia kwenye hesabu. Hosteli ina askari na kitabu cha wageni, lakini wizi wa kompyuta hutokea humo pia, mara nyingi kwa mkono wa mtu anayejulikana. Muzigo (chumba cha kupanga kwenye safu) wenye majirani wanaokaa miaka mingi na mama anayeuza chapati mbele ya geti unaweza kuwa salama kuliko hosteli ya ghorofa nne. Au la. Waulize wasichana wanaoishi hapo, si mwenye nyumba.

Pesa ya kwanza ndiyo inayowashtua wazazi. Kwa chumba cha 250,000: miezi mitatu ya mbele ni 750,000, dipoziti 250,000, broka kuanzia nusu mwezi hadi mwezi mzima. Jumla 1,125,000 hadi 1,250,000 siku ya kuingia. Broka mpe ya broka tu. Kodi iende kwa mwenye nyumba, na kama ni kwa simu, jina linalotokea kwenye skrini lifanane na jina la kwenye mkataba. Likitofautiana, simamisha hapo hapo, hata kama umeambiwa kuna wateja watatu wanangoja mlangoni. Mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, humjua mwenye nyumba halisi. Nenda kwake kabla ya kulipa, na ukishahamia akuandikishe.

Mkataba uandikwe. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inataka maandishi pale upangaji unapofikia thamani ya shilingi 500,000, na wewe umeshaipita kwa malipo ya siku ya kwanza. Sheria hiyo hiyo hairuhusu kukutoa kwa nguvu bila amri ya mahakama, kwa hiyo kufuli jipya mlangoni kwako si jambo la kukubali kwa unyonge. Hosteli nayo idai risiti yenye namba ya chumba na neno "dabo". Bila hivyo, usishangae kukuta kitanda cha tatu.

Mwisho, mwenzako. Hesabu yote hapo juu imesimama juu yake, na ndiye mnayemchagua kwa haraka kuliko mnavyochagua godoro. Akihama wiki ya sita, kodi yako inageuka mara mbili siku hiyo. Andikeni karatasi yenu wawili, mbali na ile ya mwenye nyumba: anayeondoka katikati ya muhula analipa sehemu yake mpaka mwisho wa muhula au analeta mtu ambaye anayebaki amemkubali. Majina yote mawili yawe kwenye mkataba mkuu, dipoziti ionyeshe nani alitoa ngapi, na mkubaliane nani ataondoka na mtungi wa gesi. Wenye kozi za uhandisi waongeze na muhula wa mapumziko, ule unaosomwa wakati wa likizo ndefu: mmoja akibaki Kampala Juni na Julai na mwingine akirudi kwao, kodi ya miezi hiyo mtagawana nusu kwa nusu au atalipa anayelala humo? Kubalianeni Agosti, kabla ya kuhamia.