Mboni, mate na jasho la uso: maswali kuhusu neva zinazojiendesha kichwani na shingoni

Neva zinazojiendesha ni zipi?

Kukunja ngumi unaamua mwenyewe. Lakini hakuna anayeamua mboni ya jicho isinyae akitoka juani, wala mate yamjae mdomoni akinusa chakula. Kazi hizo zina neva zake, na hazisubiri amri yetu.

Neva hizo ni za aina mbili. Simpathetiki huamka wakati wa hofu, hasira au juhudi: kwa upande wa kichwa, hupanua mboni, huinua kope la juu kidogo, hutoa jasho na kubana mishipa ya damu ya ngozi. Parasimpathetiki hutawala wakati wa utulivu: hubana mboni, husaidia jicho kuona vitu vya karibu, na huleta machozi, makamasi na mate. Mara nyingi huelezwa kama mahasimu, jambo ambalo si kweli kila mahali. Kwenye tezi za mate zote mbili huchochea, ila mate mengi mepesi huja kwa parasimpathetiki. Ukishikwa na woga, ubongo hupunguza amri za parasimpathetiki, ndiyo maana mdomo hukauka.

Zinapita wapi kufika usoni?

Parasimpathetiki zina njia fupi. Hutoka kwenye shina la ubongo zikiwa ndani ya neva nne za fuvu, ambazo hutajwa kwa namba: ya 3, ya 7, ya 9 na ya 10. Ya 3 hubana mboni. Ya 7 huhudumia tezi za machozi, utando wa pua na tezi za mate zilizo chini ya taya na chini ya ulimi. Ya 9 huhudumia tezi kubwa ya mate iliyo mbele ya sikio. Ya 10, yaani vagasi, hupita shingoni na kuteremka hadi moyoni, kwenye mapafu na tumboni.

Simpathetiki ndizo zenye mzunguko wa ajabu. Amri huanzia ndani ya ubongo, hushuka kwa uti wa mgongo mpaka mwanzo wa kifua, hutoka hapo, hupita juu ya ncha ya pafu, kisha hupanda tena shingoni. Humo shingoni kuna mnyororo wa vituo vya neva, kwa kawaida vitatu kila upande. Kutoka kituo cha juu kabisa, neva hujizungusha kwenye ateri kubwa ya shingo na kuingia nayo ndani ya fuvu hadi kwenye jicho. Kwa hiyo jicho linaweza kuonyesha dalili ilhali mgonjwa ni pafu.

Kope moja limeshuka kidogo na mboni ya upande huohuo ni ndogo. Je, ni ugonjwa wa jicho?

Huenda jicho lenyewe halina kosa. Hali hii huitwa sindromu (yaani mkusanyiko wa dalili) ya Horner, kwa jina la daktari wa macho wa Uswisi, Johann Friedrich Horner, aliyeieleza mwaka 1869. Kope hushuka milimita moja au mbili tu, mboni husinyaa, na pengine nusu ya uso haitoi jasho. Tofauti ya mboni huonekana vizuri zaidi kwenye mwanga hafifu, kwa sababu mboni isiyo na kosa hupanuka na iliyoathirika hubaki nyuma.

Daktari atatafuta chanzo katika njia yote ile ndefu: kiharusi kwenye shina la ubongo, uvimbe kwenye ncha ya pafu (huu huambatana na maumivu ya bega na mkono), jeraha au upasuaji wa shingo. Lakini kuna chanzo kimoja kisichosubiri kesho. Ukuta wa ndani wa ateri ya shingo unaweza kuchanika, damu ikaganda hapo na kuleta kiharusi, hata kwa kijana. Kope likishuka ghafla pamoja na maumivu ya shingo, uso au kichwa upande huo, nenda hospitali saa hiyohiyo. Mtoto mwenye dalili hizi naye achunguzwe hata kama anacheza vizuri, maana chanzo kinaweza kuwa uvimbe wa shingoni au kifuani.

Na mboni ikiwa kubwa kuliko mwenzake?

Ikiwa kope limeanguka kabisa, jicho limetazama nje na chini, na mboni ni kubwa, hiyo pia ni dharura. Neva ya 3 inaweza kuwa imebanwa na mshipa wa damu uliovimba ubongoni. Nyuzi zinazobana mboni hukaa juujuu ya neva hiyo, hivyo huumia mapema.

Hata hivyo, takribani mtu mmoja kati ya watano ana mboni zinazotofautiana kidogo bila ugonjwa wowote. Kabla ya kuogopa, tazama picha zako za zamani.

Kwa nini shavu moja linatoka jasho ninapokula?

Je, uliwahi kupasuliwa tezi ya mate iliyo mbele ya sikio? Neva zilizokatwa huota upya, na baadhi hupotea njia: zile zilizopaswa kwenda kwenye tezi ya mate huishia kwenye tezi za jasho za ngozi. Ukitafuna, shavu linalowa na kuwa jekundu. Ni sindromu ya Frey, iliyoelezwa na Łucja Frey wa Poland mwaka 1923. Haina hatari, na ikikera kuna sindano za sumu ya botulini (botox), zinazozuia jasho. Jasho la pilipili, linalotoka pande zote, ni la kawaida.

Dawa zinaweza kukausha mdomo?

Ndiyo, na nyingi: za mzio zinazoleta usingizi, amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu ya neva), baadhi ya dawa za kibofu. Huziba ujumbe wa parasimpathetiki. Mate hulinda meno, basi mwambie daktari wako. Usiache dawa kimyakimya.

Mtu anaweza kuzimia kwa kubanwa shingo na kola?

Anaweza, hasa mzee. Pale ateri ya shingo inapogawanyika kuna kipimo cha asili cha shinikizo la damu. Kikibonyezwa na kola, wembe wa kunyolea au kugeuza kichwa, neva ya 9 hupeleka taarifa ubongoni kwamba shinikizo limepanda, na vagasi huupunguza moyo kasi. Wakati mwingine madaktari huutumia ujanja huu wa kubonyeza shingo kupunguza mapigo yaliyokimbia, wakiwa na mashine ya kupima moyo pembeni. Usijaribu nyumbani, na kamwe usibonyeze pande zote mbili kwa pamoja.