Kwa nini usingizi haurudi hata shida ikiisha

Wengi wanaokuja kwangu kwa kukosa usingizi wanakitaja chanzo bila kusita: msiba, deni, ndoa iliyovunjika, mtoto aliyelazwa. Nikiuliza ilikuwa lini, naambiwa mwaka juzi. Deni limeshalipwa, mtoto anacheza mpira, lakini saa nane usiku mzazi yuko macho. Hapo ndipo watu huanza kuhisi wamerogwa.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Arthur Spielman, na wenzake walieleza jambo ninalolitumia kila siku kazini: kilichoanzisha tatizo na kinacholiendeleza ni vitu viwili tofauti. Kinacholiendeleza, mara nyingi, ni zile juhudi zetu za kuutafuta usingizi.

Tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujilimbikiza kwenye ubongo, na kadiri unavyokaa macho ndivyo usingizi unavyokulemea. (Kahawa na chai ya rangi huizuia isifanye kazi yake, nusu ya kafeini uliyokunywa saa kumi jioni inaweza kuwa bado mwilini saa tatu usiku.) Sasa, aliyekesha jana hufanya nini? Hujilaza mchana baada ya kula, kisha saa mbili usiku yuko kitandani ili afidie. Anakaa humo masaa 9, analala 5. Hayo 4 yaliyobaki anagaagaa, anachungulia simu, anapiga hesabu: nikilala sasa nitapata masaa matatu. Hesabu hizo ni sumu. Moyo unaenda mbio, na usiku baada ya usiku mwili unazoea kwamba kitandani ni mahali pa kuhangaika.

Utaliona hili kwa mtu anayesinzia kwenye kochi wakati wa taarifa ya habari, halafu akiingia chumbani usingizi unampaa. Mtu huyohuyo akienda ugenini, akalazwa kwenye mkeka, analala fofofo.

Ndiyo maana ninachoanza nacho huwashangaza wagonjwa: tunapunguza muda wa kukaa kitandani. Daftari la wiki mbili likionyesha kwamba mtu hulala masaa 5 na nusu, atapanda kitandani saa sita usiku na kuamka saa kumi na moja na nusu, Jumapili ikiwemo. Hatushuki chini ya masaa 5. Usingizi usipomchukua kwa muda unaokaribia dakika 20, bila kuangalia saa, anatoka, anakaa kwenye mwanga hafifu, anarudi akisinzia. Wapo wanaoishi chumba kimoja na watoto. Hao nawaambia wakae kitini palepale. Siku za mwanzo ni ngumu kwelikweli, na bodaboda au gari asiendeshe akiwa anasinzia. Mwenye kifafa au bipola (ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) asijaribu hili peke yake. Usingizi ukitulia, tunaongeza dakika 15 kila wiki.

Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri tiba ya aina hii itangulie vidonge. Huku kwetu vidonge ndivyo vinavyotangulia. Piriton inalevya siku chache, kisha mwili unaizoea. Diazepamu ya kujinunulia inanitisha zaidi: ukishaizoea, ukiiacha ghafla unaweza kukesha kuliko mwanzo, hata kupata degedege.

Kabla ya yote hayo lakini, kama unakosa usingizi usiku 3 au zaidi kwa wiki, na miezi 3 imepita, upimwe. Anayekoroma hadi pumzi inakatika anahitaji tiba nyingine. Anayeamka kila mara kukojoa apimwe sukari. Sonona nayo huwaamsha watu alfajiri mno. Na kama unameza dawa za VVU zenye dolutegravir jioni, usiache hata dozi moja. Mwulize mhudumu wako wa kliniki kama unaweza kuzihamishia asubuhi. Kwa baadhi ya watu, kubadili saa tu kunatosha.