Raba za madirisha zikikauka, usikimbilie dizeli

Wenye magari wa huku Malindi leo tuongee kuhusu raba za madirisha, maana kaskazi ikishaanza kupiga, ile Disemba mpaka Machi, naletewa gari moja baada ya nyingine raba zimepauka, zimekuwa ngumu, ukipitisha kidole kinatoka cheusi. Kazi yangu ni milango na vioo, na hizi raba zinaniuma kwa sababu nyingi zinauliwa na dawa zinazopakwa, kama dizeli, jua linamalizia tu.

Raba nyingi za milango na madirisha ya gari za siku hizi ni mpira wa kiwandani unaoitwa EPDM, sio ule wa utomvu wa mti. Huu unavumilia jua, mvua na ozoni ya hewani kuliko mpira wa asili, ndio maana wakauchagua, lakini hauelewani kabisa na mafuta ya petroli na jamaa zake wote: dizeli, oili, grisi ya kawaida, mafuta ya taa, hata Vaseline maana nayo asili yake ni petroli. Ukipaka siku ile unafurahi, raba imelainika inang'aa, kumbe inafyonza yale mafuta inavimba, baadaye inatepeta na shepu inapotea, haibani kioo tena.

Halafu huku kwetu kuna mchanga. Juzi kati mzee mmoja wa Probox anayebeba abiria wa Mambrui kaniletea gari, kioo cha dereva kinapanda kwa kusuasua mpaka akisukume na kiganja. Akaniambia, "Fundi, mota imekufa hii, niagizie nyengine." Nikamwambia mzee wangu subiri kwanza tuangalie. Nikavuta ile raba ya kwenye reli, ile kioo kinapopita ndani yake, ikatoka na grisi nyeusi imeshikana na mchanga, ukiisugua kati ya vidole ni msasa mtupu, na kioo chenyewe kina mistari imesimama wima kutoka juu hadi chini. Mota ilikuwa nzima, ilikuwa inapigana na uchafu tu. Raba tukasafisha kioo kikapanda chenyewe, ile mistari ndio haitoki tena.

Kwa hiyo kusafisha ndio kazi kubwa, kupaka ni dakika mbili. Teremsha kioo, chukua maji baridi ya bomba na sabuni kidogo ya vyombo, sio maji ya kisima kama kisima chenu kina chumvi, brashi ya meno iliyochakaa pitisha ndani ya reli taratibu maana mle kuna manyoya laini ukisugua kwa nguvu yanang'oka, halafu kitambaa kibichi, halafu kikavu, na uache ikauke kabisa. Raba za mlango mzima futa mpaka kitambaa kisitoke cheusi sana.

Kwenye reli mimi napiga spreyi ya silikoni ile inayokauka, kidogo, kisha napandisha na kuteremsha kioo mara kadhaa. Isiwe ya kunata. Raba ya kuzunguka mlango unaweza kupaka grisi ya silikoni nyembamba kwa kitambaa, au glisirini ya duka la dawa, hiyo haidhuru EPDM ila inaoshwa na maji kwa hiyo utarudia mara kwa mara. Silikoni pulizia kwenye kitambaa kwanza, ikirukia kioo cha mbele utaona ukungu wa mafuta usiku, na kama gari inaenda kupigwa rangi mwambie fundi rangi mapema, silikoni ikibaki kwenye bodi rangi inafanya vishimo.

Sasa kama imeshapasuka hakuna dawa ya kuziba nyufa, asikudanganye mtu. Ikunje kwa kidole gumba: ikionyesha vinyufa vidogo vya juu juu bado unaweza kuitunza, ikikatika au ufa umeingia ndani badilisha. Ile ya nje chini ya kioo angalia zaidi, nyingi zina bati ndani yake na chumvi ya bahari inalila, raba inavimba kutoka ndani, hapo hata upake nini. Supagluu usitie, inakauka ngumu na raba inachanika pembeni yake.

Na kabla masika hayajaingia chungulia chini ya mlango, kuna vitobo vya kutolea maji. Maji kupita kwenye raba na kuingia ndani ya mlango ni kawaida, hata kwa gari mpya, shida ni vikizibwa na mchanga, mlango unaoza kwa ndani na waya za pawa windo, yaani vioo vya umeme, zinaloa. Kijiti chembamba kinatosha kuvizibua. Ukienda kununua raba beba ile ya zamani mkononi ulinganishe umbo lake, usitaje jina la gari peke yake, na ukipewa ya mtumba ikunje pale pale dukani kabla hujatoa pesa.